Tiba kwa wafungwa wa ubakaji: hesabu inayokatishwa njiani

Ukipendekeza mbele ya wazazi wa Tabora kwamba wafungwa wa ubakaji wapatiwe tiba ya tabia gerezani, yaani msaada wa kitaalamu wa kubadili mienendo yao, utaulizwa papo hapo kwa nini fedha hiyo asipewe mtoto aliyeumizwa. Hasira hiyo ni ya haki. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana iliweka kifungo kisichopungua miaka 30, na cha maisha kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10, na kwa wengi hesabu inaishia hapo.

Wanaopinga wana ushahidi pia. Uingereza iliendesha programu kubwa ya aina hiyo magerezani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini tathmini ya Wizara ya Sheria ya 2017 ilikuta asilimia 10 ya walioipitia wamerudia makosa ya ngono, dhidi ya asilimia 8 ya wasioipitia. Programu hiyo ikaondolewa.

Hata hivyo, watafiti Martin Schmucker na Friedrich Lösel walipojumlisha tafiti za nchi kadhaa mwaka 2015, walikuta waliorudia makosa ya ngono ni asilimia 10.1 ya waliotibiwa na 13.7 ya wasiotibiwa. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa watu: katika kila 1,000 waliotibiwa, ni 36 ambao wangerudia lakini hawakurudia. Nyuma ya kila mmoja wao yupo angalau mtoto au mwanamke mmoja ambaye hakulazimika kufuata polisi PF3, fomu ya kumruhusu aliyeumizwa kutibiwa, kulazwa hospitali, kusimulia aibu yake mahakamani wala kuacha shule. Na ipo Serikali ambayo haikumlisha mkosaji yule yule kwa miaka 30 mingine. Anayelinganisha mshahara wa mtaalamu na bei ya madawati ya shule ambayo fedha hiyo ingenunua huyaacha haya yote nje ya daftari, nami naona hapo ndipo tunapojidhulumu.

Ni kweli kwamba katika tafiti hizo nafuu ilionekana wazi kwa waliotibiwa uraiani, huku wastani wa magerezani ukiwa haujathibitika, na kwamba waliofaidika zaidi ni wenye hatari kubwa ya kurudia. Basi kumtibu kila mfungwa ni kutapanya fedha, na kumtibu leo aliyebakiza miaka 25 ni kupanda mahindi kiangazi. Kwa Gereza la Uyui la hapo Tabora, busara ingekuwa kuanza na wachache wenye hatari kubwa waliokaribia kutoka, kisha afisa ustawi wa jamii aendelee nao katika vijiji watakavyorudi.