Kutoka kitanda cha mtoto hadi jeneza

Fundi mmoja wa samani wa kando ya Ngong Road, Nairobi, aliniomba mwaka jana nimtengenezee tovuti ya kuonyesha kazi zake. Tukazigawa katika makundi manne: vitanda, meza, makabati na, kwa kuwa wafiwa nao humfuata pale pale, majeneza. Chini ya kila kazi nikaweka viungo viwili, "Iliyotangulia" na "Inayofuata". Wiki ya tatu akanipigia simu. Mteja wake, dada mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa anatazama kitanda cha mtoto cha saiprasi. Akabonyeza "Inayofuata". Likamtokea jeneza.

Dada yule hakurudi tena. Fundi hakunigombeza, alisema tu, "Kijana, hiyo kitu itoe." Nikaviondoa viungo vyote usiku uleule. Lakini swali limebaki nami, na nadhani linamhusu kila anayewajengea tovuti mafundi, wapiga picha na wasanifu majengo wa mji huu: je, viungo hivi vina faida ya kutosha kuwekwa, au tuachane navyo kabisa?

Mwezi mmoja baada ya kuviondoa, binamu yangu alikuwa anatafuta meza ya kulia chakula. Nikamtumia kwa WhatsApp kiungo cha meza moja ya fundi wangu. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Akaifungua, akatazama picha zote sita, akafika chini ya ukurasa. Hapakuwa na pa kwenda. Akabonyeza kitufe cha kurudi cha simu, akajikuta katika mazungumzo yetu ya WhatsApp, si kwenye orodha ya meza, kwa sababu orodha hiyo hakuwahi kuipitia. Menyu ilikuwepo juu kabisa, vile vistari vitatu, lakini hakupandisha macho huko. Kwake yeye, fundi yule ana meza moja tu.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaovitaka, na siioni ikijibiwa kirahisi. Hapa Nairobi, wateja wengi wa fundi hawaingii kwenye tovuti yake kwa mlango wa mbele. Mtu anatumiwa kazi moja na shemeji au jirani, na kazi hiyo ndiyo sebule, ndiyo duka zima. Ikiwa haina mlango wa kuelekea kazi nyingine, atatoka alikoingilia.

Wanaovikataa nao wana lao. Rafiki yangu mmoja, anayejenga tovuti kwa muda mrefu kuliko mimi, hushikilia kwamba ukurasa wa kazi una jukumu moja: mteja apige simu. Ukimpa njia ya kuondoka kabla hajaona namba, umempoteza kwa mkono wako mwenyewe. Halafu kuna bando. Mtu aliyenunua data ya siku moja hapendi kubonyeza neno lisilomwambia anapelekwa wapi, picha sita zikamfungukia, akagundua hazimhusu.

Hoja yao inayoniuma zaidi ni ya mpangilio. WordPress, programu ya kujengea tovuti ambayo wengi wetu tunaitumia, hupanga "iliyotangulia" na "inayofuata" kwa tarehe ya kuchapishwa. Haijui kipi ni kizuri wala kipi kinafanana na kipi. Tena, usipoiambia ibaki ndani ya kundi moja, itapita katika kazi zote za aina hiyo ya chapisho, ziwe za kundi lolote. Mimi nilichapisha kitanda Jumatatu na jeneza Jumanne. Programu ilifanya kile ilichoagizwa.

Kubaki ndani ya kundi kunawezekana, ila kuna mtego uliowanasa wengi. Ile amri ya previous_post_link, inayoleta kiungo cha kazi iliyotangulia, ina sehemu ya kuitaka ibaki katika kundi lilelile, na mwanzoni huwa imezimwa. Ukiiwasha bila kutaja ni mfumo upi wa makundi, inachukua kategoria za kawaida za blogu. Potifolio nyingi, yaani tovuti za kuonyesha kazi, zina makundi yake tofauti, yenye jina lake. Matokeo yake viungo vinatoweka kabisa, na mtu anahitimisha kwamba thimu, ule muundo unaoipa tovuti sura yake, imeharibika. Dawa ni kuandika jina la makundi ya potifolio katika nafasi ya mwisho ya amri hiyo, kwa kiungo cha nyuma na cha mbele.

Hata hapo hujamaliza. Kazi ikiwa katika makundi mawili, jirani yake anaweza kutoka katika lolote kati ya hayo. Stuli niliyoiweka chini ya "meza" na "vitanda" ilinipeleka chumbani wakati nilitaka jikoni. Tovuti haikumbuki ulikuja kupitia kundi gani. Ndiyo maana sasa nasisitiza kila kazi iwe na kundi moja tu, hata fundi akinung'unika.

Kwa upande wangu, nimerudi kwa viungo, kwa masharti. Namba ya simu na kitufe cha WhatsApp vinakaa juu yake, mara tu picha zinapoisha, ili hoja ya rafiki yangu iheshimiwe. Badala ya "Inayofuata" peke yake, naandika jina la kazi, "Meza ya watu wanane, mvule", pamoja na picha ndogo ya pikseli 150 kwa 150, ili mtu ajue anachofuata kabla bando halijaguswa. Vishale vyembamba vya pembeni siviweki. Kidole gumba ndani ya matatu inayoruka matuta hakivipati. Na tarehe nazipanga kwa makusudi, kazi nzuri zikae jirani, kwa kuwa mpangilio wa tarehe nao ni maneno tunayomwambia mteja. Kundi lenye kazi mbili au tatu halihitaji haya yote; orodha fupi chini ya ukurasa inatosha.

Majeneza nimeyatoa kabisa katika mzunguko huo. Yana ukurasa wake, bila kiungo cha mbele wala cha nyuma, na namba ya simu kwa herufi kubwa. Aliyefiwa hapitishwi dirishani kama mtu anayechagua kabati.

Lililobaki kati yangu na fundi ni kazi ya mwisho ya kila kundi. Yeye anataka ikimalizika irudi ya kwanza, mteja azunguke bila kikomo. Mimi nataka imwambie wazi kwamba meza zimeisha, na imwonyeshe njia ya kurudi kwenye orodha. Wiki ijayo tutakaa karakanani kwake na binamu yangu na simu yake, tumpe ajaribu zote mbili mbele yetu.