Kizunguzungu na hofu vitibiwe siku moja

Mtu akianguka na bodaboda na kugonga kichwa huku kwetu Mtwara, swali la kwanza la ndugu ni kama kavunjika. Kama hajavunjika na picha ya CT skani imetoka safi, tunamshukuru Mungu, anapewa dawa za maumivu na kuambiwa akapumzike. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapomtelekeza.

Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani kwenye picha hiyo. Utendaji wa ubongo umevurugika, lakini hakuna damu iliyovuja wala ufa wa kuonyesha. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili hivi. (Anayetapika mara kwa mara, anayesinzia kupita kiasi, aliyepata degedege au ambaye kichwa kinazidi kumuuma arudishwe hospitali saa hiyo hiyo.) Ila wapo ambao mwezi unapita na kichwa bado kinagonga, mwanga unawachoma, usingizi hauji, wanasahau na wanagombana na kila mtu nyumbani. Hao ndio ninaowasemea.

Shemeji yangu ni bodaboda Tandahimba. Aligongwa msimu wa korosho, barabara zikiwa zimejaa magari ya mizigo. Wiki nyingi baadaye, akigeuza shingo haraka, dunia inazunguka. Akaacha kugeuza shingo. Akaacha pikipiki, akaacha kwenda sokoni, mwisho akaacha hata kukaa barazani. Wapo waliosema anadeka, wapo waliosema karogwa. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, alimpa mazoezi ya shingo na macho, lakini hakuyafanya: kila akijaribu kizunguzungu kinarudi, naye akaamini kwamba ubongo unazidi kuharibika. Mshauri nasaha alimsikiliza kwa upole na kumtoa hofu. Akifika nyumbani anageuka, anapepesuka, na hofu inapata ushahidi wake upya.

Wote wawili walikuwa sahihi, ila hawakuwahi kuzungumza wao kwa wao.

Mfumo wa usawa wa mwili, ulio ndani ya sikio na unaoshirikiana na macho na shingo, hujifunza upya kwa kusumbuliwa kidogo kidogo. Mazoezi yake huleta kizunguzungu kwa makusudi, kwa kiasi kinachovumilika. Kwa hiyo mgonjwa anayekimbia kizunguzungu anaikimbia dawa yenyewe. Kumwelewesha hilo hadi athubutu kugeuza kichwa ni kazi ya saikolojia, na ifanyike pale pale anapofanya mazoezi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Calgary, Kanada, ulionyesha kwamba asilimia 73 ya waliopewa tiba ya shingo na mfumo wa usawa waliruhusiwa kurudi michezoni ndani ya wiki 8. Kwa wasiopewa tiba hiyo ilikuwa asilimia 7. Lilikuwa kundi dogo, watu 31. Mwaka 2016, huko Seattle, vijana wenye mtikisiko walioongezewa tiba ya fikra na mwenendo (mazungumzo ya kubadili mawazo na mazoea yanayomkwamisha mtu), pamoja na mtu wa kuratibu matibabu yao, walibaki na dalili nzito wachache sana kuliko wenzao baada ya miezi 6. Na wataalamu wa mtikisiko wa ubongo waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba mapumziko ya siku moja au mbili yanatosha, kisha mtu aanze kutembea na mazoezi mepesi. Kumfungia mgonjwa chumba chenye giza wiki nzima hakumsaidii.

Najua wanasaikolojia hawajai huku kusini. Lakini ninachodai hakihitaji jengo jipya. Iwe hospitali ya Ligula hapa Mtwara au ya Sokoine kule Lindi, mtu wa viungo na mshauri wamwone mgonjwa wa namna hii siku moja, faili moja, wakubaliane hatua ya wiki hiyo: leo ageuze kichwa akiwa amekaa, wiki ijayo akiwa anatembea, baadaye apande pikipiki iliyozimwa. Nauli ya kutoka Tandahimba hadi Mtwara mjini si ndogo kwa mtu ambaye hajaingiza hela tangu ajali, na ukimpangia siku mbili tofauti, ujue moja ataiacha.

Na ndugu aliyemsindikiza asiachwe kwenye benchi nje. Aingie, aonyeshwe mazoezi, aambiwe kizunguzungu kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kumrudisha hospitali, kwa sababu usiku mgonjwa akianza kuyumba yeye ndiye atakayeamua kama mazoezi ya kesho yafanyike.