Rangi Milioni 16 Darini, Swichi Moja Ukutani

Anayejenga au kukarabati nyumba siku hizi hukutana na swali ambalo zamani halikuwapo: taa za kuzama darini ziwe za kawaida, za kuwasha na kuzima basi, au ziwe taa janja zinazobadili rangi kwa amri ya simu au ya sauti? Wauzaji wana jibu lao na mafundi umeme wana lao. Muuzaji anazungumzia siku ya kwanza, sebule ikigeuka zambarau kwa kugusa kioo cha simu. Fundi anazungumzia mwaka wa tano, atakapoitwa apande ngazi kutazama kwa nini taa moja kati ya nane imegoma. Kila mmoja ana hoja. Lakini mabishano mengi huishia kwenye rangi, ilhali uamuzi mzito kuliko wote ni ule wa kukizamisha kifaa cha kielektroniki ndani ya dari, mahali ambapo si rahisi kukitoa.

Tuanze na rangi zenyewe, maana ndizo zinazouza. LED nyeupe ya kawaida kwa asili yake ni ya bluu: chipu ya bluu hupakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga huo, na jicho likiupokea mchanganyiko wake linaona weupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao kazi yao ilizaa LED ya bluu yenye mwanga mkali mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa sababu hiyo hasa. Taa ya kubadili rangi ina chipu nyekundu, kijani na bluu, pamoja na kidhibiti kinachoamua kila moja iwake kwa kiasi gani. Kila rangi ikiwa na ngazi 256 za mwanga, michanganyiko inafika 16,777,216. Ndizo zile "rangi milioni 16" zinazoandikwa kwenye boksi.

Hesabu ni sahihi, ila haimwambii mnunuzi jambo analopaswa kulijua kwanza. Weupe unaopatikana kwa kuchanganya rangi hizo tatu pekee ni weupe mbovu. Weka mkono chini yake uone: ngozi inapauka, kitambaa cha rangi ya chungwa kinakosa uhai, na mbao zinaonekana kama zimepakwa vumbi. Ndiyo maana taa nzuri huongezewa chipu nyeupe za aina mbili, moja yenye umanjano na nyingine yenye ubluu, na hizo ndizo zitakazofanya kazi karibu kila siku ya maisha ya taa. Kwenye boksi tafuta kipimo cha CRI, kinachoonyesha jinsi taa inavyozitendea haki rangi za vitu. Kilele chake ni 100. Themanini ni ya kawaida, na 90 kwenda juu inafaa chumba ambacho mtu atajitazama kwenye kioo, atashona au atapaka rangi. Tena, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) zilizoandikwa ni za mwanga mweupe. Ukiigeuza taa iwe bluu tupu, mwanga hushuka sana, na kusoma chini yake ni kujitesa.

Faida zipo, na si za mapambo tu. Iliyo kubwa kwangu ni uwezo wa kubadili weupe wenyewe, ambao hupimwa kwa kelvini: kutoka kelvini 2,700, mwanga wenye umanjano unaokaribia ule wa balbu za zamani, hadi kelvini 6,500, mwanga mkali wa mchana wenye mawingu. Ndani ya jicho kuna seli zenye protini iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha mwili kwamba ni mchana. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa bluu, karibu na nanomita 480, na zikichochewa usiku hupunguza utoaji wa melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi. Taa inayojigeuza kuwa ya umanjano na kupungua ukali kadiri usiku unavyoingia inafuata mantiki hiyo. Lakini tuseme kweli yote: ukali wa mwanga una uzito mkubwa katika jambo hili pamoja na rangi yake. Taa ya kawaida yenye umanjano, ikipunguzwa mwanga saa moja kabla ya kulala, inakupa sehemu kubwa ya faida hiyo bila programu yoyote.

Kuna watu ambao kwao mjadala huu si wa starehe hata kidogo. Kiziwi anaweza kuiunganisha kengele ya mlango na taa za nyumba nzima, zikawaka bluu mara mbili mgeni anapobonyeza, au nyekundu kitambuzi cha maji kinapokuta bomba limepasuka. Anayetumia kiti cha magurudumu, au ambaye mikono yake haina nguvu, anawasha na kuzima kwa sauti bila kumsubiri mtu. Mzee anayeamka usiku anapata mwanga hafifu wa rangi ya kaharabu kutoka kitandani hadi chooni, mwanga usiomtia kiwi wala kumfukuza usingizi. Anayezidharau taa hizi na kuziita mchezo wa vijana anawasahau watu hawa, na mimi siwezi kukubaliana naye. Sharti moja tu: kwa moto, taa janja isikae mahali pa king'ora cha moshi kilichothibitishwa. Kuna ving'ora vyenye taa ya kumweka na kitetemeshi cha kitanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya viziwi, navyo haviitegemei intaneti.

Tatizo la kwanza liko ukutani. Taa janja inahitaji umeme muda wote, hata ikiwa "imezimwa", kwa sababu redio iliyo ndani yake lazima isikilize amri. Swichi ya ukutani inafanya kinyume: inaukata umeme kabisa. Mgeni anabonyeza, mtoto anabonyeza, na mwenye nyumba mwenyewe anabonyeza kwa mazoea ya miaka mingi. Tangu hapo taa haipo tena kwenye mtandao. Programu inaandika kwamba kifaa hakipatikani, ratiba ya jioni haifanyi kazi, na anayetoa amri kwa sauti anajibiwa kwamba taa haionekani. Wengine huziba swichi kwa gundi ya karatasi. Nyumba ambayo swichi zake zimebandikwa karatasi ya "usiguse" imemnyang'anya mgeni na mtoto haki ya kuwasha taa, na hilo naliona kosa la usanifu, wala si la mgeni.

Umeme wenyewe nao una vituko vyake. Taa nyingi za aina hii, umeme ukikatika na kurudi, huwaka zenyewe kwa mwanga mkali, hata kama ni saa tisa usiku na wote wamelala. Mtengenezaji makini huweka mpangilio wa kuikumbuka hali ya mwisho, na huo ni wa kuutafuta kwenye programu siku ileile ya kufunga. Jambo la pili ni baya zaidi: taa kadhaa hurudishwa katika hali ya kiwandani kwa kuzimwa na kuwashwa haraka mara tatu hadi tano. Umeme unaokatika na kurudi kwa mfululizo unaweza kuwa na athari ileile, ukaamka asubuhi taa zinamweta zikisubiri kuunganishwa upya, moja baada ya nyingine.

Kufunga si kugumu kwa fundi anayejua. Taa nyembamba za kisasa huja na kiboksi chenye draiva, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa nyumba uwe wa kiasi kinachofaa LED. Unazima swichi kuu, unathibitisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme, unakata tundu kwenye jipsamu kwa msumeno wa duara, unaunga laini, nyutro (waya wa kurudisha umeme) na waya wa ardhi ndani ya kiboksi, unakisukuma juu ya dari, kisha unazikunja springi mbili za ubavuni na kuipandisha taa. Springi hizo zina nguvu ya kuumiza kidole. Unachotakiwa kukikagua kabla ya hapo ni kama juu ya dari kuna nafasi. Zege halikati tundu kwa urahisi huo, na panapowekwa sufi ya kuzuia joto, taa lazima iwe na kibali cha kugusana nayo. Kwa bafu, tafuta kiwango cha kuzuia maji kinachokubalika kwa eneo hilo. Na kama mzunguko huo una swichi ya zamani ya kupunguza mwanga, iondolewe. Swichi hizo hukatakata wimbi la umeme, na draiva yenye redio ikilishwa umeme wa namna hiyo itamweta, italia, au itakufa mapema.

Sasa tufike kwenye umri, maana hapa ndipo dari inapokuwa na maneno. Watengenezaji huandika saa 25,000 au 50,000, na kwa kawaida wanamaanisha muda ambao LED itakuwa imeshuka hadi asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo. Lakini mara nyingi kinachokufa kwanza si chipu. Ni draiva, ambayo kapasita zake hukaushwa na joto, na juu ya dari joto halikosekani. Na kabla ya draiva kuna kitu kingine cha kuzeeka: programu. Aprili 2022 Insteon, kampuni ya Marekani ya vifaa janja vya nyumbani, ilizima seva zake bila kuwaaga wateja, na huduma zote zilizotegemea seva hizo za mbali zikakoma. Baadaye kundi la watumiaji wake liliinunua na kuzirudisha. Miaka sita nyuma, Mei 2016, kitovu cha Revolv, kifaa cha kuunganisha vifaa janja vya nyumba, kilizimwa baada ya kampuni ya Nest kuinunua kampuni ya Revolv, na hicho hakikurudi. Balbu ya kusokota ikikumbwa na hali hiyo unaifungua kwa mkono na kuweka nyingine. Taa iliyozamishwa inakuachia tundu la kipenyo fulani, ambalo modeli mpya huenda isilizibe.

Kiwango cha Matter cha mawasiliano ya vifaa janja, kilichotoka mwaka 2022 kwa ushirikiano wa kampuni zinazoshindana, zikiwamo Apple, Google na Amazon, kimepunguza hatari hiyo, kwa kuwa taa inaweza kuamriwa ndani ya nyumba bila kupitia seva ya mbali. Zigbee na Thread, njia za redio za kuunganisha vifaa janja, nazo zina faida ya kuzifanya taa zipokezane ujumbe, ilhali taa 20 za Wi-Fi zinaielemea ruta dhaifu. Usalama haukwepeki pia. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba programu hasidi ingeweza kuruka kutoka balbu moja ya Philips Hue hadi nyingine kwa njia ya redio. Mtengenezaji akaziba tundu hilo. Jambo la kushika hapo ni kwamba aliliziba. Taa isiyo na mtengenezaji anayeendelea kutoa masasisho itabaki na matundu yake darini kwa miaka yote itakayokuwa ikiwaka, kwa hiyo angalau iwekwe kwenye mtandao wa wageni, mbali na kompyuta za nyumbani.

Kuhusu umeme, hoja ya kuokoa husemwa kupita kiasi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinairuhusu taa ya mtandao itumie hadi nusu wati inaposubiri amri. Chukua taa 10 za wati 9 zinazowaka saa nne kwa siku: kwa mwaka zinakula uniti 131 hivi. Zile saa 20 za kusubiri, kwa nusu wati kila moja, zinaongeza uniti 36.5, zaidi ya robo ya matumizi yenyewe. LED ndiyo iliyookoa umeme, na LED ya kawaida inaokoa vilevile.

Nikiyapima yote, ningeweka darini taa za LED za kawaida zenye CRI ya 90, na ujanja ningeuweka ukutani, kwenye swichi janja. Ikiharibika inafunguliwa kwa skrubu mbili, bila ngazi, na mgeni anabonyeza kama alivyozoea. Rangi ningezipeleka kwenye taa za kusimama na mikanda ya LED nyuma ya kabati, vitu vinavyochomolewa. Chumba cha kulala ningekipa taa za kubadili weupe, kwa sababu huko faida inaonekana kila usiku. Lakini nyumba yenye kiziwi, au mtu asiyefikia swichi, ningeijaza taa za rangi dari nzima bila kusita, kwa masharti kwamba ziamriwe ndani ya nyumba bila intaneti na kila moja iwe na kitufe chake kisichotumia waya ukutani.

Vyovyote utakavyochagua, kuna kazi ya kumpa fundi kabla jipsamu haijafungwa. Afikishe nyutro kwenye kila boksi la swichi, kwa sababu swichi janja nyingi haziwaki bila hiyo na nyumba nyingi za zamani hazina. Aache waya wa ziada juu ya kila tundu, wa kutosha kukishusha kiboksi hadi chini ya dari. Matundu yote yawe ya kipenyo kimoja kinachopatikana kwa watengenezaji wengi, na zinunuliwe taa mbili au tatu za akiba za toleo lilelile, zitunzwe pamoja na picha za nyaya zilizopigwa dari ikiwa bado wazi.