Reli iliyong'olewa na baiskeli inayoishia njiani

Ndani ya handaki la Headstone kuna ubaridi hata mwezi wa Julai. Maji yanadondoka kutoka kwenye matofali yenye masizi ya treni za makaa, na kengele ya baiskeli ya mtoto inavuma humo kama kengele ya kanisa. Ukitokea upande wa pili unajikuta juu ya daraja la matao, mto Wye uko chini yako, vilima vya kijani vimekuzunguka, na wewe hujapanda hata kimoja. Hiyo ndiyo raha ya njia ya Monsal, na ndiko malalamiko dhidi yake yanakoanzia.

Monsal ni njia ya karibu kilomita 14 isiyoingia gari, katika hifadhi ya milima ya Peak District nchini Uingereza, kati ya mji wa Bakewell na bonde la Chee Dale. Zamani ilikuwa reli. Treni ziliacha kupita mwaka 1968, na mwaka 1981 tuta la reli likafunguliwa kwa watu, ila mahandaki yalibaki yamefungwa. Kwa miaka thelathini ukifika mdomoni mwa handaki ulipaswa kushika kijia cha kupanda na kushuka kilima, jambo ambalo kwa baiskeli lilikuwa kama haliwezekani. Mwezi Mei 2011 mahandaki manne makubwa, kila moja likiwa na takriban mita 400, yakawekwa taa na kufunguliwa. Tangu hapo Jumapili yenye jua pale ni kama sokoni.

Sababu ya reli za zamani kuifaa baiskeli ni rahisi. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo gari-moshi halipandi mlima mkali. Mhandisi wa enzi zile alilazimika kukata mwamba, kujaza bonde udongo, kutoboa kilima na kujenga daraja, ili mwinuko ubaki mdogo. Kwenye njia ya Tissington, iliyo jirani, ni nadra kupanda zaidi ya mita moja kwa kila mita 60. Mguu wako karibu hauhisi kitu. Jasho la vibarua wa karne ya 19 limekulipia mlima.

Wanaozitetea njia hizi wana hoja ambayo mimi siwezi kuipuuza, kwa sababu nimewahi kuegemea ua wa miiba nikipishana na gari la mizigo. Barabara ndogo za mashambani Uingereza zinapendeza kwenye picha: lami nyembamba, kuta za mawe, maua pembeni. Lakini pasipo na kibao kingine, sheria inaruhusu gari kwenda maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 96, kwenye njia ambayo magari mawili hayapishani bila mmoja kurudi nyuma. Kona hazionyeshi kilicho mbele. Vifo vingi vya barabarani nchini humo hutokea kwenye barabara za vijijini, si mijini. Sasa mwambie mama mwenye watoto wawili, mmoja bado anajifunza kubana breki, kwamba aende akaonje uzuri wa mashamba huko. Hatakwenda, na ana haki. Monsal na Tissington zimewatoa nyumbani watu ambao barabara isingewaona kamwe: wazee, wenye baiskeli za kuzungusha kwa mikono, na hata sisi tuliolelewa tukijua baiskeli ni ya kubebea madumu na kreti za soda, si ya kutalii.

Upande wa pili wako waendeshaji wa siku nyingi, wale wenye mikoba miwili kwenye karia na ramani ya karatasi. Kwao njia ya reli inachosha. Haina kona. Mahali pengi imezama kati ya kingo mbili za mwamba, au miti imeifunika, ukapita kilomita nzima usione shamba wala ng'ombe. Haipiti vijijini pia, kwa kuwa reli ilifuata bonde na vijiji viko juu. Ukitaka chai pale Monsal Head, kilimani juu ya daraja, utashuka, ushike kijia kikali, na mlima ulioukwepa asubuhi utakudai mchana. Wanasema kutalii milimani bila kupanda ni kama kwenda pwani usiguse maji.

Hapo nadhani wanazidisha. Kwanza, si kila reli ilikuwa tambarare. Njia ya High Peak, yenye kilomita 27 hivi, imejengwa juu ya reli iliyofunguliwa miaka ya 1830 na 1831, na walioibuni waliwaza kwa akili ya mifereji: sehemu ndefu za usawa, halafu mteremko mkali ambapo mabehewa yalivutwa kwa minyororo na mashine ya mvuke iliyokaa juu kilimani. Mashine ya Middleton Top, ya mwaka 1829, ingali kwenye jengo lake. Mteremko wa Sheep Pasture unapanda mita moja kwa kila nane, na watu wengi hushuka wakasukuma. Karibu na chini kuna shimo lililochimbwa kudaka mabehewa yaliyokatika mnyororo, na mabaki ya behewa moja bado yamo. Anayedai njia za reli hazina mlima apelekwe pale kwanza, breki zake zikiwa zimekaguliwa.

Lakini kuna hoja moja ya wapinzani inayouma, nayo haihusu mandhari. Njia isiyo na magari hufikiwa kwa gari. Nenda kwenye stesheni ya zamani ya Hassop, ambayo leo ni mkahawa wenye baiskeli za kukodi, uangalie maegesho saa nne asubuhi. Baiskeli zimefungwa nyuma ya magari, familia zinashusha helmeti, na barabara za kijijini, zile zile zinazoogopwa, zimejaa wanaokuja kuzikwepa. Si kosa la hao watu. Stesheni ya Buxton, yenye treni za Manchester, iko kilomita kadhaa kutoka mwisho mmoja wa njia. Stesheni ya Matlock, yenye treni za Derby, iko mbali na mwisho mwingine. Katikati umewekwa uwanja mzuri wa kuchezea usio na mlango.

Ugonjwa huu si wa Peak District peke yake. Shirika la Sustrans, lililoanzia Bristol mwaka 1977, lilitumia fedha za bahati nasibu ya taifa kuunda mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima. Lilipoukagua lenyewe mwaka 2018, lilikuta kwamba karibu theluthi moja tu ndiyo isiyo na magari, na zaidi ya vipande vinne kati ya kumi ni vibovu sana. Mwaka 2020 karibu robo ya mtandao ikaondolewa au kubadilishiwa hadhi. Nililiheshimu kwa hilo. Ni mashirika machache yanayofuta mistari kwenye ramani yao wenyewe.

Kuna pia wanaotaka reli yenyewe irudi kati ya Matlock na Buxton, ili mtu afike milimani bila gari kabisa. Mwandishi John Ruskin alikasirika reli hiyo ilipojengwa katika miaka ya 1860. Alisema bonde limeharibiwa ili kila mjinga wa Buxton aweze kufika Bakewell kwa nusu saa, na wa Bakewell afike Buxton. Leo lile daraja la matao alilolilaani linalindwa kama jengo la kihistoria, na anayetishia kulirudishia treni ndiye anaonekana mharibifu. Mimi naona hoja ya treni ina uzito kuliko waendesha baiskeli tunavyopenda kukubali, ila njia ya sasa inatumika kila siku na treni bado ni mchoro.

Ningepewa fungu la fedha, nisingejenga njia nyingine ndefu na nzuri inayoanzia kichakani. Ningemaliza vipande vinavyounganisha njia na stesheni, na kushusha mwendo kwenye barabara ndogo zinazozizunguka. Sheria ya mwaka 2000 inaruhusu halmashauri kutangaza barabara ya shambani kuwa njia tulivu, lakini kibao hicho peke yake hakishushi mwendo unaoruhusiwa, kwa hiyo kimebaki kama ombi la adabu. Halmashauri ya Derbyshire, jimbo lenye njia hizi, ina mpango wa mzunguko wa karibu kilomita 100 utakaounganisha Monsal, High Peak na miji ya pembeni. Kipande cha Matlock hadi Rowsley kipo. Kati ya Rowsley na Bakewell, kilomita chache tu, hakipo.

Huko kuna handaki la Haddon. Lilichimbwa si kwa sababu kilima kilizuia treni, bali ili Duke wa Rutland asiione treni ikipita kwenye ardhi yake. Limefungwa. Mwendesha baiskeli anayetoka Monsal kwenda kupanda treni Matlock anafika mwisho wa njia nje kidogo ya Bakewell, anapanga gia zake upya, na kama hataki kijia cha tope, anaingia barabara kuu ya A6 pamoja na malori.