Kila Kitu Kinapanda, Lifti Imegoma

Jamani, leo nimepanda ghorofa nane kwa miguu kwenda kupimwa presha. Presha! Mlangoni mwa lifti wamebandika kikaratasi: MBOVU. Kalamu yenyewe iliishiwa wino njiani, ile U ya mwisho ni mkwaruzo tu.

Mimi ni mtu mzima, sigombani na kikaratasi. Nikamwendea mlinzi kwa heshima zangu.

“Panda juu, mzee.”

“Kijana, ‘panda’ inatosha. Kwani kuna anayepanda chini?”

Akanitazama, akahamisha njiti ya meno toka shavu hili hadi lile. “Mbegu je?”

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Kweli, mbegu ukiifukia ardhini umeipanda. Na gari unalipanda hata kama linateremka mlima. Lugha hii nimeisema tangu utoto, leo nafundishwa na mtu anayechokonoa meno.

Nikapanda. Ghorofa ya tatu nilikuwa bado nasalimia watu. Ya tano naitikia kwa mkono. Ya sita nikamkumbuka Elisha Otis, yule aliyesimama juu ya lifti yake kule New York mwaka 1854, akaamuru kamba ikatwe mbele ya umati. Breki ikashika, hakuanguka. Yake ilikatwa kamba. Yetu imekata tamaa.

Ya nane, muuguzi akanifunga ule mkanda hata mate sijameza. Ukavimba, ukaminya, ukapumua.

“Baba, imepanda. 160 kwa 95.”

“Itaachaje kupanda? Nimekuja nayo!”

Hakucheka. Na mtu anatakiwa akae atulie kama dakika 5 kwanza ndipo apimwe. Wanajua! Tangazo liko ukutani, nyuma ya kichwa chake! Nikaanza kumsomea kwa sauti, mori nao ukapanda, tukapima tena: 170.

Bei zinapanda, kodi inapanda, wala haziulizi lifti. Mshahara peke yake ndio una magoti mabovu. Hata kondoo alishapaa: Ufaransa, 1783, puto la akina Montgolfier lilimbeba pamoja na bata na jogoo, wakatua salama. Mimi nimeshuka nikipapasa ukuta.

Na jirani yangu naye, tangu apandishwe cheo mabega yamegusa masikio. Salamu haitamki, anapandisha nyusi. Asubuhi nyusi, jioni nyusi. Siku zikishuka nitajua amestaafu.