Tope la Sabaki: tumezidi wengi au tunaitumia ardhi vibaya?

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, inapoanza kuvuma, mvua za vuli zikiwa zimeshanyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi. Mvuvi akipandisha jarife lake hulikuta limepakaa tope jekundu, na halianiki mpaka alisuuze. Tope hilo huletwa na mto Sabaki, unaomwagika baharini kaskazini mwa mji, upande wa kwenda Mambrui. Msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, tope husukumwa upande wa kaskazini, mbali na Malindi. Kaskazi ikirudi huteremka nalo hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968.

Ukiuliza sababu, jibu linalotangulia ni kwamba watu tumezidi. Lina uzito wake. Mwaka 1962 Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 8.6, sensa ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Sabaki ni jina la mwisho tu la mto uleule unaoitwa Athi huko juu, na Galana ukishapita Tsavo. Majitaka ya Nairobi, mji wenye watu milioni 4.4, huishia humo. Mchanga wa mito ya Ukambani hupakiwa malori usiku na mchana kwenda kujenga maghorofa ya mji huohuo. Shamba la babu likigawanywa kwa wajukuu, kuna atakayeangukia mteremko, naye atalima hapohapo kwa kuwa hana pengine.

Lakini upande wa pili una ushahidi ambao mimi siwezi kuuruka. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona Machakos, hukohuko Ukambani, kuwa nchi iliyokwisha, imechimbika makorongo kila mahali. Wakati huo ilikuwa na watu takriban 240,000. Kufikia 1989 walikuwa karibu milioni 1.4, na watafiti walipolinganisha, mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wakulima walikuwa wamekata matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, ukingo unapandwa majani, na maji ya mvua yanasimama badala ya kukimbia. Ni kazi ya jembe na mgongo, na inahitaji mikono mingi. Ilihitaji fedha pia: kahawa iliyouzwa, mishahara iliyotumwa nyumbani kutoka mjini. Ndiyo maana siichukui Machakos kuwa dawa ya kila mahali.

Matumbawe ya Malindi yenyewe yameweka kumbukumbu. Kila mwaka hujijenga tabaka jipya, na ndani yake hubaki alama ya tope la mwaka huo. Wanasayansi walisoma tumbawe moja lenye umri wa karne tatu hivi, wakakuta tope lilikuwa dogo kwa muda mrefu, kisha likaanza kupanda mapema katika karne ya 20. Wakati huo watu walikuwa wachache sana kuliko leo. Kilichobadilika ni ardhi: walowezi walitwaa nyanda nzuri, wenyeji na mifugo yao wakabanwa kwenye maeneo ya akiba waliyotengewa, misitu ikafyekwa.

Kwa hiyo naona wingi wa watu huongeza kasi, lakini matumizi ya ardhi ndiyo yanayofungua udongo. Linaloniuma ni kwamba lawama humwangukia mama wa kijijini Kilifi mwenye watoto sita, ilhali tope linalomkosesha mumewe samaki limetoka mamia ya kilomita mbali. Uzazi wa mpango una haki yake kwa afya ya mama na mtoto, na Wakenya wameuitikia: kutoka watoto wapatao wanane kwa kila mwanamke miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022. Hata hivyo, vijana ni wengi, na idadi itaendelea kupanda kwa miaka mingi. Matumbawe hayana subira hiyo.

Na si tope lote ni hasara. Kamba wanaovuliwa katika ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, na mikoko ya mdomo wa mto hulishwa nalo. Kukausha mto kabisa kungekuwa msiba mwingine.

Kinachowezekana sasa ni kusafisha majitaka kabla hayajaingia Athi, kuzuia uchotaji wa mchanga usio na mpaka, na kumlipa mkulima wa juu kwa matuta anayoyakata. Mombasa na Malindi zinakunywa maji ya Baricho, yanayotoka katika mto huohuo. Sehemu ndogo ya ankara za maji hayo ingeweza kurudishwa Machakos na Makueni kwa kazi hiyo.