Biri ndani ya gari: udi haufuti moshi

Huku Unguja wageni wanaovuta biri, ile tumbaku nene iliyosokotwa kwa jani lake, wananiuliza karibu kila msimu: dereva, tukifungua kioo kidogo, naweza kuvuta biri yangu mpaka Nungwi? Jibu langu siku hizi ni hapana, na nalitoa kabla hatujatoka uwanja wa ndege.

Zamani nilikuwa nakubali. Mwaka juzi nilimbeba mzee mmoja, mstaarabu kweli, akawasha biri nene ya kahawia. Vioo vyote wazi, majivu anakung'uta nje, kilomita kama 60. Alipoteremka nikaona gari safi, nikarudi Mjini moyo mweupe. Asubuhi mama yangu akafungua mlango wa nyuma, akasimama pale pale. "Mwanangu, kwani nani kavuta humu?" Akapanda, upande wa mtandio puani, na njia nzima hakusema neno jingine. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Nikafanya tunavyofanya sote: nikafukiza udi. Siku mbili gari ikanukia. Siku ya tatu nimeiegesha Darajani juani, kufungua mlango, inanuka, biri na udi vimeshikana, na hapo ni vibaya kuliko biri peke yake.

Na sisi ndio tusiohitaji kufundishwa jambo hili. Tunatandaza nguo juu ya chetezo kwa makusudi, moshi uingie kwenye uzi, na nguo iliyofukizwa hukaa kabatini siku nyingi ikinukia. Viti vya gari navyo ni kitambaa. Kitambaa cha dari ndicho kinachobeba zaidi, maana moshi hupanda. Tena biri si sigara: moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na jani lake limevundikwa, ndiyo maana moshi wake mkali. Masizi yake yanaganda kwenye vioo na plastiki, jua likipasha gari yanaachia harufu upya.

Kioo wazi hakitoshi. Gari ikienda, upepo unausokota moshi na kuurudisha viti vya nyuma. Kiyoyozi nacho, kikizungusha hewa ya ndani, kinaupitisha moshi kwenye mabomba yake yenye majimaji, unanata humo, halafu kila ukiwasha unapulizwa usoni.

Mimi kilichonisaidia ni kazi ya mikono. Nilifuta vioo na plastiki zote kwa maji na siki, nikaosha viti na dari kwa sabuni, nikaanika gari milango wazi, nikabadilisha filta ya kiyoyozi. Siku mbili bila abiria.

Wapo madereva wenzangu wanaotoza nyongeza kwa mvutaji. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayelipa hasa ni abiria wa kesho: mama mjamzito anayekwenda kliniki, mtoto anayetambaa juu ya kiti kisha akatia vidole mdomoni. Yale masizi yana nikotini, na mtoto huyo hakuulizwa.

Mgeni wangu akitaka kuvuta, nasimama njiani, Mahonda au Kinyasini, tunashuka, akae chini ya mwembe. Biri kubwa inaweza kuchukua saa nzima, mimi nasubiri. Wengi nikiwaeleza hivi huirudisha mfukoni na kuivuta Nungwi, miguu mchangani.